Jumba la Harewood: Fahari ya Yorkshire iliyojengwa kwa jasho la watumwa

MGENI anayezuru Jumba la Harewood, kati ya miji ya Leeds na Harrogate kaskazini mwa Uingereza, huona mengi ya kumwacha kinywa wazi. Dari za vyumba vyake zimenakshiwa kwa ustadi usioonekana siku hizi. Katika ukumbi mrefu wa picha, wenye urefu wa mita 23, juu ya madirisha pananing'inia kitu ambacho kila mtu hudhani ni mapazia mazito ya kitambaa. Akisogea karibu hugundua kwamba ni mbao, zilizochongwa na kupakwa rangi hadi zikaonekana zina mikunjo.

Nje kuna ziwa la ekari 32 ambalo mtu asiyeambiwa angeapa kuwa ni kazi ya Mungu, ilhali lilichimbwa kwa mikono ya binadamu.

Kwa karibu karne mbili, maelezo waliyopewa wageni yaliishia hapo: uzuri wa jengo, ustadi wa mafundi na ukoo wa wenyewe. Swali la fedha zilikotoka halikupewa nafasi kubwa. Jibu lake limo katika madaftari ya hesabu yaliyoandikwa mbali sana na Yorkshire.

Historia ya jumba hilo huanzia Barbados, kisiwa cha Karibi chenye ukubwa wa kilomita mraba 430 hivi, yaani kidogo kuliko Kaunti ya Nairobi. Huko ndiko Henry Lascelles, kijana wa Yorkshire aliyezaliwa mwaka 1690, alikokwenda kutafuta riziki mwanzoni mwa karne ya 18. Alipata wadhifa wa mkusanyaji ushuru wa forodha katika bandari ya Bridgetown, na wadhifa huo ukamweka kwenye mlango ambao hapana pipa la sukari lililotoka kisiwani bila kuupitia.

Sukari inayouzwa nje ya kisiwa ilitozwa ushuru wa asilimia nne na nusu. Lascelles na nduguye, Edward, aliyemrithi katika kazi hiyo, walishutumiwa kwamba sehemu ya mapato hayo ilikuwa ikiishia mifukoni mwao. Uchunguzi ulifanywa. Hata hivyo, Henry alikuwa na marafiki wakubwa London, naye akaponyoka. Wasomaji wa magazeti katika nchi nyingi hawatashangazwa na mkondo huo wa mambo.

Forodha haikuwa biashara yake ya pekee. Aliliuzia Jeshi la Wanamaji la Uingereza vyakula. Aliuza sukari ya wakulima kwa niaba yao mjini London. Isitoshe, alikuwa na hisa katika usafirishaji wa watumwa. Katika miaka ya 1730, yeye na washirika wake waliweka meli iliyotia nanga mbele ya Anomabu, kwenye pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana, ikawa kama ghala linaloelea. Waafrika walionunuliwa pwani hiyo walifungiwa humo wakisubiri meli za kuwavusha Bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1739 Lascelles alinunua milki mbili zilizopakana huko kwao, Gawthorpe na Harewood, kwa pauni zipatazo 64,000. Mwana wa Yorkshire alikuwa amerejea nyumbani akiwa tajiri, na baadaye akaingia Bungeni. Alifariki mwaka 1753, akiwa mmoja wa watu waliokuwa na mali nyingi zaidi Uingereza. Inaaminika kwamba alijiua.

Jengo na mafundi wake

Aliyelijenga jumba ni mwanawe, Edwin, ambaye alizaliwa Barbados mwaka 1713 na kusomeshwa Uingereza. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1759, na kufikia 1771 familia ilikuwa ikiishi humo.

Edwin hakuwa mtu wa kubahatisha. Michoro ya jengo aliikabidhi John Carr, msanifu wa York aliyekuwa na sifa kote kaskazini. Mapambo ya ndani yakaenda kwa Robert Adam, Mskoti kijana aliyekuwa ametoka kuzichunguza kazi za Warumi wa kale na ambaye mtindo wake ulikuwa gumzo la London. Bustani na mandhari alipewa Lancelot Brown, bingwa wa kuigeuza ardhi ya kawaida ionekane kama picha iliyochorwa. Nyumba ya kale ya Gawthorpe, iliyokuwa bondeni, ikabomolewa. Carr alichora pia kijiji kipya cha Harewood nje ya lango, nyumba zake zikipangwa kwa mistari iliyonyooka.

Samani zilitengenezwa na Thomas Chippendale, ambaye hakutoka mbali. Alizaliwa Otley, mwendo mfupi kutoka Harewood, mwaka 1718, mtoto wa ukoo wa maseremala, akaenda London na kuwa fundi samani mashuhuri kuliko wote katika historia ya Uingereza. Kazi ya Harewood ilikuwa kubwa kuliko nyingine yoyote aliyopata maishani, na thamani yake ilizidi pauni 10,000. Miongoni mwa vitu alivyotengeneza ni kitanda cha heshima cha mwaka 1773, chenye kuba lililopakwa dhahabu, ambacho hakikukusudiwa kulalwa na mtu wa kawaida. Mwaka huo huo alileta kabati la droo lililopambwa kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali vinavyounda sura za Diana na Minerva, miungu wa kike wa Warumi. Gharama yake ilikuwa pauni 86.

Kabati hilo bado limo Harewood, na wataalamu wa samani hulitaja kwa sauti ya chini kama watu waliomo msikitini.

Rehani iliyogeuka milki

Lipo jambo moja ambalo watu hulikosea wanapoizungumzia familia hii. Hudhaniwa kwamba akina Lascelles walikuwa wakulima wa miwa tangu mwanzo. La hasha. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Henry alikuwa mkopeshaji. Aliwakopesha wenye mashamba fedha, nao wakaweka rehani ardhi, mitambo na watumwa wao. Faida ilikuja kwa njia ya riba, bila mkopeshaji kulazimika kupigwa na jua la Barbados.

Mambo yalibadilika baada ya jumba kukamilika. Vita vya uhuru wa Marekani, vilivyoanza mwaka 1775, vilivuruga usafiri wa meli na kukata chakula na mbao zilizokuwa zikipelekwa visiwani. Mnamo Oktoba 1780 tufani kali iliisambaratisha Barbados. Wenye mashamba wakashindwa kulipa, na mkopeshaji akachukua rehani yake. Kati ya 1773 na 1787 Edwin Lascelles alijipatia zaidi ya ekari 27,000 katika visiwa vya Barbados, Jamaica, Grenada na Tobago. Kwa jumla familia ilikuwa na maslahi katika mashamba 47, pamoja na maelfu ya watu waliokuwa wakiyafanyia kazi.

Maisha ya watu hao yalikuwa ya mateso. Miwa ikishakatwa haingoji. Lazima isagwe upesi kabla sukari yake haijaharibika. Kwa hivyo wakati wa mavuno vinu na matanuri ya kuchemshia maji ya miwa vilifanya kazi usiku na mchana, na waliovihudumia walisinzia wakiwa wamesimama. Karibu na kinu paliwekwa panga. Mkono wa mtu ukinaswa na magurudumu ya kusagia, ulikatwa papo hapo ili asivutwe mwili mzima. Katika sehemu kubwa ya Karibi vifo vilizidi uzazi kwa miaka mingi, na pengo lilizibwa na meli zilizotoka Afrika.

Edwin mwenyewe hakuonekana Karibi katika miaka hiyo. Aliyasimamia mashamba kwa barua, kupitia mawakala. Mwaka 1790 alipewa cheo cha Baron, na alipofariki mwaka 1795 bila mtoto, kila kitu kilimwangukia binamu yake, Edward, ambaye pia alizaliwa Barbados. Huyo ndiye aliyekuwa Earl wa kwanza wa Harewood mwaka 1812. Cheo cha Earl ni cha tatu katika ngazi ya makabaila wa Uingereza, chini ya Duke na Marquess.

Mwanawe mkubwa, aliyeitwa Edward vilevile, alipenda sanaa kuliko siasa. Alikusanya vyombo vya kauri vya Sèvres kutoka Ufaransa, na mwaka 1797 alimkaribisha Harewood mchoraji kijana aliyeitwa J.M.W. Turner, ambaye jina lake lingekuja kuwafunika wachoraji wote wa nchi yake. Alifariki mwaka 1814, kabla ya babake, na urithi ukamwendea nduguye, Henry.

Uchaguzi wa 1807

Henry Lascelles huyu, ambaye baadaye alikuwa Earl wa pili, alikuwa mbunge wa Yorkshire kwa miaka kumi pamoja na William Wilberforce. Ndiye Wilberforce aliyeongoza kampeni Bungeni ya kukomesha biashara ya watumwa. Yorkshire ilikuwa na viti viwili, na wawili hao walikuwa wamekalia vyote: mmoja akipinga utumwa, mwingine akila matunda yake.

Mnamo Machi 1807 Bunge lilipiga marufuku biashara hiyo. Wiki chache baadaye uchaguzi ukaitishwa, na kwa mara ya kwanza tangu 1741 wapiga kura wa Yorkshire walilazimika kuchagua kwa kura. Mgombea wa tatu alikuwa Lord Milton, kijana wa ukoo wa Fitzwilliam, wenye jumba la Wentworth Woodhouse ambalo ukubwa wake ulizidi hata ule wa Harewood.

Kura zilipigwa katika mji wa York pekee kwa muda wa siku 15, hadharani, kila mtu akitaja kwa sauti jina la anayemtaka. Wapiga kura walisafirishwa, wakalishwa, wakanyweshwa. Inakadiriwa kwamba familia za Lascelles na Fitzwilliam zilitumia pauni 100,000 kila moja, kiasi kinachoweza kuwafanya hata wanasiasa wa Kenya washike vichwa. Wapinzani wa Lascelles walihakikisha kwamba mashamba ya Barbados hayasahauliki. Wilberforce aliongoza, Milton akawa wa pili, na Lascelles akabwagwa kwa kura zisizofika 200.

Hata hivyo, si vyema kuyatia chumvi matokeo hayo. Kiwanda na biashara ya sufu vilikuwa na uzito wake katika kampeni, na mwaka 1812 Lascelles alirudi Bungeni kuwakilisha Yorkshire ile ile. Aidha, sheria ya 1807 ilikomesha uuzaji wa watu baharini tu. Waliokuwa mashambani walibaki watumwa kwa miaka mingine 27.

Sheria ya kuwaachilia ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kutekelezwa Agosti 1834. Serikali iliamua kulipa fidia ya pauni milioni 20, na ikawalipa wenye watumwa. Earl wa pili alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa watu 1,277 waliokuwa katika mashamba yake sita, manne Barbados na mawili Jamaica. Hiyo ni kama pauni 20 kwa kila mtu. Ingawa miaka ni tofauti, inafaa kukumbuka kwamba kabati moja la Chippendale liligharimu pauni 86.

Waliokuwa watumwa hawakupata hata senti. Zaidi ya hayo, wengi walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao wa zamani kwa mpango ulioitwa wa mafunzo, hadi 1838. Nayo mikopo ambayo serikali ya Uingereza ilichukua ili kulipa fidia hiyo ilimalizika kulipwa mwaka 2015, kutokana na kodi za wananchi, wakiwemo wajukuu wa watumwa wenyewe wanaoishi Uingereza.

Binti wa mfalme

Karne ya 19 haina mengi ya kusimulia. Katika miaka ya 1840 Earl wa tatu alimwajiri Charles Barry, msanifu wa Majumba ya Bunge la London, ambaye aliongeza ghorofa kwenye mabawa ya jumba na kujenga upande wa kusini baraza pana lenye bustani za maua. Hiyo ndiyo sura ambayo jumba linayo hadi leo.

Jina la Harewood lilirudi midomoni mwa watu mwezi Februari 1922, wakati Henry Lascelles, aliyekuja kuwa Earl wa sita, alipomwoa Binti Mfalme Mary, mtoto wa pekee wa kike wa Mfalme George V, katika kanisa la Westminster Abbey. Tayari Lascelles alikuwa amerithi takriban pauni milioni mbili na nusu kutoka kwa mjomba wa ukoo wao, Marquess wa Clanricarde, bahili aliyejulikana kote Ireland. Fedha hizo zilinunua michoro ya mabingwa wa Italia, ambayo hadi sasa ni kivutio kikubwa. Wakati wa vita vyote viwili vya dunia jumba liligeuzwa hospitali ya wanajeshi waliokuwa wakipata nafuu.

Kifo cha Earl huyo mwaka 1947 nusura kiwe kifo cha Harewood. Ushuru wa urithi nchini Uingereza ulikuwa umepanda sana baada ya vita, na katika miaka hiyo majumba mengi ya makabaila yalibomolewa na mawe yake kuuzwa. Familia ililazimika kuuza sehemu kubwa ya ardhi. Mwaka 1950 milango ilifunguliwa kwa umma kwa kiingilio. Mwaka 1971 mchoro wa Titian unaoonyesha kifo cha Actaeon ulipigwa mnada, na ungevuka bahari hadi Marekani kama makumbusho ya National Gallery ya London hayangechangisha pauni 1,763,000 mwaka uliofuata na kuunusuru. Binti Mfalme Mary mwenyewe alifariki mwaka 1965 baada ya kuanguka alipokuwa akitembea katika bustani za Harewood.

Mwanawe George, Earl wa saba, hakufanana na babake hata kidogo. Alijeruhiwa na kutekwa na Wajerumani nchini Italia mwaka 1944, akafungwa katika ngome ya Colditz, na akanusurika ingawa Hitler alikuwa ameidhinisha auawe. Baada ya vita alijitosa katika muziki wa opera na kuongoza kampuni ya English National Opera. Mashabiki wa kandanda watamkumbuka kwa jingine: alikuwa rais wa klabu ya Leeds United kwa karibu miaka 50, na ndiye aliyekuwa rais wa Chama cha Soka cha England timu ya taifa ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Mwaka 1986 jumba, bustani na sehemu kubwa ya hazina zake viliwekwa chini ya wakfu wa hisani. Familia inaendelea kuishi katika sehemu ya jumba, lakini haiwezi tena kuyauza yaliyomo kama shati la mtumba.

Katika wakati wake, na bila tarumbeta kupigwa, uhusiano wa familia na Karibi ulikatika. Shamba la mwisho huko Barbados, lililoitwa Belle, liliuzwa mwaka 1975, zaidi ya miaka 250 tangu Henry wa kwanza alipotia mguu kisiwani.

Madaftari yafunguliwa

Ushahidi wa biashara za Lascelles nusura upotee. Vitabu vya barua vya kampuni yao ya London viliteketea kwa mabomu ya Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, na yanayojulikana kutoka humo yamebaki kwa sababu mwanahistoria Richard Pares alikuwa ameyanakili kabla. Lakini baadaye zilipatikana hati nyingine za mashamba ya Karibi, zikiwa zimeharibika vibaya. Zilitengenezwa na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha York, ambako mtu yeyote anaweza kuomba kuzisoma. Humo mna orodha za watu: jina, umri, kazi, bei.

Uamuzi wa kutozificha ulikuwa wa familia. David Lascelles, mtayarishaji wa filamu na vipindi vya televisheni aliyekuwa Earl wa nane baada ya babake kufariki mwaka 2011, ameeleza mara nyingi kwamba fedha zilizolijenga jumba zilitoka utumwani. Mwaka 2007, Uingereza ilipoadhimisha miaka 200 ya sheria ya Wilberforce, tamthilia ya muziki ya Carnival Messiah, ya msanii Geraldine Connor mwenye asili ya Trinidad, iliigizwa katika uwanja wa jumba hilo. Mwaka 2023 Lascelles alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha vizazi vya waliofaidika na utumwa, kinachoitaka serikali ya Uingereza iombe radhi na kukubali mazungumzo na nchi za Karibi kuhusu mpango wa fidia ambao nchi hizo zilitangaza mwaka 2014.

Serikali haijakubali kulipa. Katika mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola nchini Samoa mwezi Oktoba 2024, suala hilo liliingizwa katika taarifa ya mwisho kwa maneno ya tahadhari, bila ahadi ya fedha. Wapo pia Waingereza wanaohoji kwa nini watu wa leo wabebeshwe dhambi za karne ya 18. Swali hilo lina uzito, ila ni gumu kuliuliza ukiwa umesimama chini ya dari la Robert Adam.

Katika kuta za Harewood zimetundikwa picha za akina Lascelles, nyingine zikiwa zimechorwa na Joshua Reynolds, mchoraji aliyependwa na wakubwa wa enzi zake. Katika miaka ya karibuni zimeongezwa sura ambazo hazikuwahi kuwemo. Mojawapo ni ya Arthur France, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis, aliyeanzisha kanivali ya Wakaribi mjini Leeds mwaka 1967. Nyingine, ya mwaka 2023, ni ya mwigizaji David Harewood, aliyezaliwa Birmingham na wazazi waliotoka Barbados. Mababu zake walikuwa watumwa katika shamba la Earl wa Harewood, na jina analolitumia ni lile walilopewa huko.